Jina Lililochelewa: Ukoo wa Magari ya Daraja la S na Istilahi Zake

Miongoni mwa kazi za kufasiri zipitazo mezani mwetu, miongozo ya magari hututaabisha kuliko inavyodhaniwa. Fundi ana maneno yake, dereva ana yake, na afisa ugavi ana yake. Mfasiri aliyejifungia ofisini na kamusi mbili huyakosa ya wote watatu. Siku za nyuma tuliletewa tusahihishe mwongozo mfupi wa madereva uliofasiriwa na ofisi moja ambayo hatutaitaja. Mliandikwa humo kwamba gari lina "breki zisizoteleza", na kwamba mbele ya dereva pamewekwa "mto wa hewa badala ya mkanda". Sarufi ya mwongozo ule ilikuwa safi, wala hatukuona kosa la tahajia hata moja. Hata hivyo maneno hayo mawili yangeweza kumuua mtu.

Katika kuchunguza makosa hayo yalitokana na nini, tulijikuta tunasoma historia ya ukoo mmoja wa magari ya Ujerumani, ule ambao watengenezaji wake, kampuni ya Mercedes-Benz, huuita daraja la S. Sababu ni kwamba breki hizo na mfuko huo viliingia sokoni, kwa namna tunayoijua leo, ndani ya magari ya ukoo huo. Na kadiri tulivyoendelea kusoma ndivyo tulivyoona kwamba historia ya gari hilo, ikitazamwa kwa upande wa majina, ina mengi ya kumfaa mwenye kazi ya kuunda istilahi. Kwa upande huo ndipo tunapokusudia kuieleza. Wasomaji wanaotafuta mwendo kasi na bei watatuwia radhi.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno machache. Wajerumani hulipa jina la "Limousine" gari lolote lenye paa gumu, safu mbili za viti na buti iliyojitenga kwa nyuma. Kwao neno hilo halina makuu: hata gari la karani, maadam lina umbo hilo, ni "Limousine". Waingereza walilichukua neno lilo hilo kutoka Kifaransa wakalitwika gari refu la tajiri, lenye kioo kati yake na dereva wake. Kwa hiyo mfasiri atokaye katika Kijerumani akaandika "limuzini" amekwisha kumpandisha karani cheo bila ya idhini. Kwa gari la kawaida Waingereza husema "saloon", neno lisilotufaa kwa kuwa saluni kwetu ni mahali pa kutengenezea nywele. Wamarekani husema "sedan", na hilo limekwisha kuzoeleka katika matangazo ya biashara kwa umbo la "sedani", nasi tutalitumia. Mitaani watu husema "gari dogo", au "gari la kutembelea". Hayo ni majina mazuri yote mawili, ila "gari dogo" huleta kichekesho pale gari lenyewe linapokuwa na urefu wa zaidi ya meta 5 na uzito unaopita tani 2.

Ama kuhusu sifa yake, je, tuseme gari la anasa au gari la fahari? Katika lugha ya kodi, bidhaa za anasa ni zile ambazo mtu aweza kuishi bila ya kuwa nazo, na hivyo akizitaka na azilipie. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno anasa lilizidi kubeba lawama katika Kiswahili cha Tanzania, na halijaitua lawama hiyo yote mpaka leo. Fahari ni sifa. Mfasiri achaguaye anasa amekwisha kutoa hukumu, na achaguaye fahari ametoa hukumu nyingine. Hapa tunaandika "la fahari" kwa kuwa tunataja nia ya mtengenezaji, wala si rai yetu.

Neno "kizazi" nalo lina wapinzani wake, wanaopendelea "toleo". Sisi tunaona kizazi ndilo sahihi. Toleo jipya la kitabu hulifuta la zamani, lakini katika ukoo huu baba na mwana wamewahi kutoka pamoja katika kiwanda: gari la 1959 liliendelea kutengenezwa, kwa aina yake moja, hadi 1968, hali mrithi wake alikuwa amekwisha kuzaliwa tangu 1965.

Tuingie sasa katika historia yenyewe. Kampuni ya Daimler-Benz iliundwa mwaka 1926 kwa kuunganishwa kampuni mbili, ile iliyoanzishwa na Gottlieb Daimler na ile ya Carl Benz, aliyepata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886. Vita Kuu ya Pili viliviacha viwanda vyake magofu. Mwaka 1951, katika maonyesho ya magari ya Frankfurt, kampuni ilirudi kwenye daraja la juu kwa magari mawili ya silinda 6, moja likiitwa 220 na la pili 300. Tarakimu hizo zilikuwa na maana: zilitaja ujazo wa injini, yaani lita 2.2 na lita 3. Gari la 300 lilitumiwa na Konrad Adenauer, Kansela wa Ujerumani ya Magharibi, hata watu wakaliita "Adenauer", jina ambalo kampuni haikuliweka.

Mwaka 1954 lilifuata gari jipya la 220 ambalo umma uliliita "Ponton", kwa kuwa ubavu wake ulikuwa bapa na madigadi yake yamemezwa na bodi, mfano wa zile mashua bapa zinazopangwa kuwa daraja la kuelea. Kiwandani lilijulikana kwa alama ya W180, na herufi W ni ya neno "Wagen", maana yake gari tu. Mwaka 1956 iliongezwa herufi S nyuma ya tarakimu, ikawa 220 S, na mwaka 1958 ikaongezwa E, kwa neno "Einspritzung", yaani mafuta kupulizwa kwa pampu badala ya kuvutwa kupitia kabureta. Baadaye ilikuja L, kwa maana ya refu.

Hapo basi tunayakuta majina matatu juu ya kitu kimoja, jambo ambalo kila mtu wa istilahi atalitambua. Liko jina la kiwandani, W180, lisilodanganya wala kueleza kitu. Liko jina la dukani, 220 S, ambalo ni fumbo fupi lenye kufumbulika kwa anayejua ufunguo. Na liko jina la mitaani, Ponton, ambalo halikuundwa na kamati yoyote nalo ndilo linalokumbukwa. Jina la ukoo mzima halikuwapo bado. Kwa miaka zaidi ya 20 kampuni ilikuwa na kitu kisicho na jina, na kazi zikaenda.

Kizazi cha 1959, chenye alama ya W111, ndicho kinachotuvutia kuliko vyote. Kilikuja wakati magari ya Marekani yalikuwa yameota mapezi makubwa nyuma mfano wa samaki, na Wajerumani nao wakaota yao, madogo na ya haya. Umma uliliita gari hilo mara moja "Heckflosse", pezi la nyuma. Kampuni haikupenda ionekane imefuata mtindo. Katika maandishi yake mapezi yale yaliitwa "Peilstege", maana yake ni kama kusema vijiti vya kulengea, kwamba yamewekwa ili dereva anaporudi nyuma aone gari lake linaishia wapi. Hakuna aliyelishika jina hilo. Hata leo wapenzi wa magari ya kale hulinena la pezi, na lile la ofisini hutajwa kwa kucheka.

Mfano huu tungependa kuukumbusha kila mara tunapoletewa istilahi iliyoundwa kwa ajili ya kutetea kitu badala ya kukitaja. Lakini tusiifunge hukumu upesi, kwa kuwa hadithi ya vijiti vya kulengea haikuishia hapo, na tutairudia.

Chini ya mapezi yale mlikuwa na jambo kubwa zaidi. Mhandisi Béla Barényi, mzaliwa wa Austria, alikuwa ameomba hataza mwaka 1951 kwa fikra iliyowashangaza wengi: kwamba gari lisiwe gumu lote. Sehemu ya katikati wanamoketi watu iwe imara, na sehemu za mbele na nyuma ziwe laini kwa makusudi, zibonyee na kukunjamana zinapogongwa, ili nguvu ya pigo iishie kwenye bati kabla ya kuwafikia watu. Gari la W111 lilikuwa la kwanza kutengenezwa kwa wingi kwa mpango huo. Wajerumani huziita sehemu hizo "Knautschzone", kutokana na kitenzi cha nyumbani kabisa, kile ambacho mama hukitumia nguo ikikunjamana. Mtoto akisikia neno hilo anaelewa.

Kwetu neno hili limeteswa. Tumeona "eneo dhaifu", tumeona pia "eneo la mgongano". La kwanza linamwambia mnunuzi kwamba ameuziwa gari bovu. La pili halisemi lolote. Na tatizo hapa ni kubwa kuliko neno, maana wengi wetu tumelelewa kulisifu gari kwa kusema ni chuma hasa, yaani haliingii ndani likigongwa. Dereva mwenye imani hiyo huona gari lililobonyea mbele baada ya ajali na abiria wake wakatoka salama, akasema bati lake ni bovu, kumbe bati limefanya kazi lililoajiriwa kuifanya. Tunapendekeza "sehemu ya kubonyea". Kubonyea ni neno la mafundi wa bati wenyewe, na kiambishi cha kutendesha hapana haja ya kukiongeza, kwa sababu sehemu hiyo haibonyezwi na mtu, hubonyea yenyewe inapopigwa.

Hapo ndipo ukoo huu ulipoingia katika habari za Afrika Mashariki, na uliingia kwa njia ya matope. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kupita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na Mercedes 219, ndugu wa karibu wa yale ya Ponton, katika miaka ya 1959 na 1960, na mwaka 1961 yakashindwa na 220 SE. Kwa hiyo gari hili lilipata heshima kwa madereva na mafundi wa huku kwa kustahimili barabara kabla halijawa gari la kumshushia mkubwa mlangoni.

Lakini la kumshushia mkubwa mlangoni ndilo lililotuachia neno. Tangu miaka ya 1960, baada ya uhuru, Kiswahili kiliunda "Wabenzi". Tazameni ufundi wake. Kwanza, kati ya majina mawili ya kampuni watu walichagua lile fupi, wakaliongezea irabu likakaa vizuri mdomoni. Kisha wakalipachika kiambishi cha ngeli ya watu, kilekile cha Wagogo na Wakamba. Kwa herufi mbili tu wenye vyeo waligeuzwa kabila, lenye desturi zake na mipaka yake, na aliyelisikia hakuhitaji kuelezwa. Neno likavuka mipaka, waandishi wa Kiingereza wakalitumia bila ya kulifasiri. Hatujui kamati ya istilahi iliyopata kuunda neno lenye uzito kama huo kwa gharama ndogo hivyo.

Neno hilo limebaki hata magari yalipobadilika. Nchini Tanzania wakubwa walihamia katika magari marefu ya kupanda milima, na umma ukayapa jina la "mashangingi", neno lenye kejeli yake ambayo hapana haja ya kuieleza. Nchini Kenya, mwaka 2009, serikali iliamuru mawaziri waache magari makubwa na kutumia yasiyozidi ujazo wa lita 1.8, na Volkswagen Passat ndizo zilizoletwa. Hatukupata kusikia mtu akisema Wapasati. Kubana matumizi hakuzai msamiati.

Tuurudie ukoo wenyewe. Mwaka 1965 mapezi yalikatwa. Gari jipya la W108, lililochorwa chini ya mkono wa Mfaransa Paul Bracq, lilikuwa na mistari iliyonyooka na kimo cha chini, na wako wanaoshikilia mpaka leo kwamba hakuna lililozaliwa baadaye likawa na umbo zuri kama lile. Sisi si wahakimu wa maumbo. Linalotuhusu ni kwamba katika kizazi hicho mfumo wa majina ulianza kupasuka. Mwaka 1968 kampuni ilichukua injini ya lita 6.3, iliyokuwa ya gari lake kubwa la 600, ikaitia ndani ya bodi la 300 SEL. Kwa kanuni yake yenyewe jina lingepaswa kubadilika, kwa sababu 300 ilikuwa na maana ya lita 3. Badala yake wakaongeza tarakimu nyingine mkiani, gari likaitwa 300 SEL 6.3, yaani gari la lita 3 lenye lita 6.3. Jambo kama hili hutokea katika kila orodha ya istilahi: mzizi ukishazoeleka hakuna anayethubutu kuung'oa hata ukiwa umekuwa uongo, basi hurekebishwa kwa kiambatisho.

Mwaka 1972 kilizaliwa kizazi cha W116, na hapo kwa mara ya kwanza kampuni iliupa ukoo jina rasmi: "S-Klasse", daraja la S, na herufi hiyo ikasomwa "Sonderklasse", daraja maalumu. Mwaka huo ndio hasa sababu ya kichwa cha makala haya. Herufi S ilikuwa imekwisha kuishi kwenye mikia ya magari kwa miaka 16 ikisomwa kwa namna nyingine, wengi wakisema "Super". Wakubwa wa kampuni hawakuvumbua jina. Waliokota herufi iliyokuwa imezoeleka kwa wateja, wakaipa maana mpya, wakaihamisha kutoka mkiani mwa gari moja hadi kwenye lango la ukoo mzima. Na kwa kuwa jina liliundwa kwa kitu kilichokwisha kujulikana, lilishika mara moja. Wanahistoria wa magari sasa huliita gari la 1951 "daraja la S" bila ya kusita, ingawa jina hilo halikuwapo lilipotoka. Mfasiri wa maandishi ya zamani na awe macho: akikuta habari za 1959 asiingize ndani yake istilahi ya 1972.

Katika kizazi hicho ndimo zilimoingia zile breki zilizotuletea taabu. Kampuni ya Bosch na Daimler-Benz zilikuwa zimeihangaikia kazi hiyo kwa miaka mingi. Jaribio lililoonyeshwa hadharani mwaka 1970 lilikuwa halijaweza kutegemewa, mpaka elektroniki za tarakimu zilipokomaa. Mwaka 1978 breki za ABS zilianza kuuzwa katika gari la daraja la S. Herufi hizo ni za Kijerumani, "Antiblockiersystem", mfumo wa kuzuia kuganda. Waingereza walitafuta maneno yao wenyewe yenye kuanza kwa herufi zizo hizo wakayapata, na leo wengi hudhani herufi ni zao.

Kinachofanyika ni hiki. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu zote kwenye njia inayoteleza, magurudumu huganda, yaani huacha kuzunguka hali gari bado linakwenda. Gurudumu lililoganda halifuati usukani. Mfumo wa ABS hupima mzunguko wa gurudumu, na likikaribia kuganda huilegeza breki kidogo na kuikaza tena, mara nyingi katika sekunde moja, hivyo dereva hubaki na uwezo wa kulikwepa lililo mbele yake. Basi, breki hizo si "zisizoteleza". Kinachoteleza ni tairi, na gari lenye ABS huweza kuteleza. Tena juu ya changarawe au mchanga uliolegea, njia ambazo wengi wa madereva wetu wanazo, laweza kuchukua mwendo mrefu zaidi kusimama. Dereva aliyeahidiwa breki zisizoteleza atakwenda kasi katika matope kwa kuuamini mwongozo wetu. Na yuko mwenzake, aliyefundishwa zamani kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia: huyu anapaswa kuambiwa kwamba katika gari hili akanyage na kushikilia, ashughulike na usukani. Hilo nalo mwongozo ule haukulisema, kwa kuwa aliyeufasiri alikwisha kutosheka na jina.

Tulijaribu wenyewe kuunda istilahi ya Kiswahili. "Breki zisizofunga" tuliitupa mara moja, kwa maana kufunga breki kwa lugha ya madereva ni kuzikanyaga lisimame, na hakuna atakayenunua gari ambalo breki zake hazifungi. "Kingamgando" ilipendeza kwenye karatasi, lakini mjumbe mmoja aliuliza ina uhusiano gani na maziwa, tukaelewa. Mwisho tumeona bora herufi zibaki, "breki za ABS", na kila mara zitajwapo kwa mara ya kwanza katika maandishi zifuatwe na maelezo: breki zinazozuia magurudumu yasigande. Msamiati wa kukopa ulioelezwa ni salama kuliko wa kwetu unaopotosha.

Kizazi cha 1979, yaani W126, kilichochorwa chini ya uongozi wa Mwitaliano Bruno Sacco, kilidumu kwa muda mrefu kuliko vingine, hadi 1991 kiwandani Ujerumani, na yalitengenezwa magari zaidi ya 800,000 ya umbo la sedani. Ni kizazi kilichoonekana sana katika misafara ya wakuu wa nchi, na bado baadhi ya magari yake yanatembea. Mwishoni mwa 1980 kilianza kuuziwa ndani yake mfuko wa hewa wa dereva, uliofichwa katikati ya usukani. Haukuwa wa kwanza duniani. Wamarekani walikuwa wameuza magari yenye mifuko ya namna hiyo katika miaka ya 1970, wakati ambapo huko kulikuwa na fikra kwamba mfuko unaweza kuchukua nafasi ya mkanda kwa watu wasiopenda kujifunga. Wajerumani waliupanga kinyume chake: mfuko uwe wa kuusaidia mkanda, na pasipo mkanda usitegemewe. Ndiyo maana juu ya usukani wa magari mengi ziliandikwa herufi SRS, na ile S ya kwanza, ambayo kwa bahati haihusiani na S ya gari, ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya nyongeza.

Neno moja la nyongeza, nalo ndilo mfasiri wetu aliloliacha. Tena aliongeza "badala ya", tusijue kutoka wapi. Twadhani aliona mantiki yake, kwamba kitu kipya huja kuondoa cha zamani. Mfuko huo hujazwa gesi kwa mlipuko, kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho, na mtu asiyejifunga hurushwa mbele akakutana nao ukiwa bado unafumuka. Kwa sababu hiyo hatulipendi neno "mto" pia. Mto ni kitu cha kulalia. Mzazi akisikia kuna mto mbele, haoni ubaya kumpakata mtoto kwenye kiti cha mbele. "Mfuko wa hewa" ni bora, ingawa kwa hakika si hewa, na katika miongozo ya madereva tunashauri uandikwe kwa ukamilifu wake angalau mara moja: mfuko wa hewa wa kuusaidia mkanda.

Mwaka 1991 ulikuja W140, jitu la ukoo, likiwa na vioo vya tabaka mbili na, kwa mara ya kwanza katika ukoo huu, injini ya silinda 12. Wajerumani wenyewe walilalamika kwamba limezidi kiasi. Lilikuwa kubwa hata dereva hakuweza kuona pembe zake za nyuma, na hapo tunavirudia vijiti vyetu. Waundaji waliweka vijiti viwili vyembamba vilivyojitokeza vyenyewe kutoka pembe za nyuma kila gia ya kurudi nyuma ilipoingizwa, ili dereva alenge. Yale yaliyodaiwa mwaka 1959 kuwa kazi ya mapezi, na watu wakacheka, mwaka 1991 yalikuwa kweli tupu. Jina lilikuwa limetangulia kitu chake kwa miaka 32. Halikuishi sana: mwaka 1995 vijiti viliondolewa, vikafuatwa na vyombo vya kupima umbali kwa sauti isiyosikika na sikio.

Katika kizazi hichohicho, mwaka 1993, kampuni ilifanya usanifishaji wa majina ambao kwa ujasiri wake unatutia wivu. Herufi zote za daraja zilihamishwa kutoka mkiani hadi mbele ya tarakimu. Gari lililoitwa 500 SEL jana yake likawa S 500. Herufi E iliyokuwa na maana ya kupuliza mafuta ilitupwa, kwa kuwa magari yote ya petroli yalikuwa yakipuliza, na istilahi isiyotofautisha kitu na kitu haina kazi. Tungetamani tungekuwa na mamlaka ya namna hiyo. Lakini tarakimu hawakuzigusa, na zikaendelea kuoza: S 500 ya kizazi cha 2005 ilikuwa na injini ya lita 5.5, na baadaye ikawa na ya lita 4.7, jina likiwa lilelile. Gari hilohilo la 2005 liliuzwa Marekani kwa jina la S 550. Afisa ugavi anayekadiria kodi kwa kusoma bati la nyuma ya gari hana budi kujua kwamba tangu hapo tarakimu ni cheo, si kipimo.

Vizazi vya 1998, 2005, 2013 na 2020 tunavipita haraka. Vilileta mambo mengi, lakini kwa msamiati vilileta zaidi majina ya kibiashara, ambayo hayafasiriwi, yananakiliwa tu. Tutataja moja: gari la 2013 lilitoka bila ya globu hata moja, ndani wala nje, taa zake zote zikiwa za nukta za elektroniki. Mafundi wetu bado husema "globu imeungua", na hatuoni sababu ya kuwakataza mpaka watakapopata neno lao.

Liko jambo moja la kizazi cha 2020 ambalo hatujalimaliza, nalo tunawaletea wasomaji. Mwaka 2022 nchini Ujerumani daraja la S lilianza kuuzwa likiwa na mtambo ambao, katika msongamano wa barabara kuu na kwa mwendo usiozidi kilometa 60 kwa saa, sheria ilimruhusu aliyeketi kwenye usukani aache kuendesha na kutazama mambo mengine, ila awe tayari kuupokea usukani akiitwa. Usukani ni neno la chomboni: ni la mshika shikio wa jahazi, na limetufaa katika gari kwa karne nzima. Lakini mtu huyu, wakati mtambo unaendesha, tumwite nani? "Dereva" haendeshi. "Abiria" hana wajibu, na huyu anao. Katika jahazi yuko nahodha, ambaye si lazima ashike usukani mwenyewe, na baadhi yetu tumelipendekeza. Wengine wanasema litawavimbisha vichwa wenye magari. Wenye maoni, hasa mafundi na walimu wa vyuo vya udereva, watuandikie kabla ya toleo lijalo.